Simba ya Udongo na Kuku ya Mama Venansia

Lundi, tarehe 2, mwezi ya tatu

Leo tena imetoka mu kiota mbele ya saa yake. Ikajikuna, ikajilaza mu majivu, ikajikuna tena, ikarudia mayai na roho mubaya. Kuku yenye inalalia mayai haitokake ovyo. Nilifuga kuku tangu ningali musichana kule Lubero. Kuku haiwezi kunidanganya.

Nasema na hii telefone. Kahindo, mutoto ya binti yangu marehemu, aliniachia telefone yake ya zamani. Akanionyesha: koko, finya hapa penye nyekundu, sema mambo ya siku yako, finya tena. Siye tuliachwa kulinda mbuzi, sikujua kalamu. Basi nasema. Siyo juu mutu asikie. Mu hii nyumba hakuna mutu anasikiaka.

Ile kuku siyo yangu. Ni ya Mama Venansia, wa ng'ambo ya barabara. Kuku ya shingo wazi. Manyoya hakuna kutoka kichwa mpaka mabega, sura mubaya sawa muzee mwenye alipoteza kola ya shati. Alinipatia nimufugie. Njo desturi yetu ya wamama: watoto wakitoka tunagawana nusu nusu, mama yao anabakia wake. Na ikifa kwako, hautaje mutu mwingine. Imefia kwako. Unakata mabawa, unamupelekea mwenye kuku, aone haukuipika kwa siri. Basi.

Miaka yote na Venansia, sijamupelekeaka mabawa.

Mbele kuku walilalia chini, mu jikoni, ku udongo. Mwaka uliopita Kambale, mutoto yangu, alitia simenti. Jikoni ya kisasa, anasema. Sasa kuku iko mu karto, boksi ya karatasi, juu ya simenti, sawa mugonjwa. Na miye magoti inaniuma juu ya ile baridi. Hakuna mwenye aliniuliza.

Jeudi, tarehe 5

Nilijua. Niliinua kuku, mukono ikajaa wadudu. Kidogo sana, sawa pilipili ya kusaga, nyekundu, inatembea. Chawa ya kuku. Muchana inajificha mu nyufa ya ukuta ya potopoto, giza ikiingia inatoka kunyonya damu. Simenti iko chini tu, ukuta ingali ya zamani. Jikoni ya mutoto yangu inavaa viatu mupya na suruali ya kupasuka.

Ile nyama nyekundu ya ku kichwa ya kuku imepauka. Sawa mudomo ya mutu ya malaria.

Nilitia tumbako. Nilitia majivu. Chawa inacheka.

Neema, bokilo yangu, bibi ya Kambale, ananihesabia vipele ya mutoto wake. Anasema: "Mama, hii kuku itatukulia mutoto." Nilimujibu bwana yake alilala na kuku mu nyumba moja mpaka akaota ndevu, na njo yule anamupikia chakula leo. Akaenda kusonga bugali kwa nguvu, nikasikia mwiko inagonga sufuria. Ile kugonga ilikuwa yangu. Ninajua kelele yenye inatumwa kwangu.

Simupende. Niseme tu. Telefone haina kinywa.

Na yeye iko na bata yake. Bata ni munyama ya matope, inakunya kila fasi, inapumua sawa mutu ya pumu. Nilikatala bata mu jikoni, siku yenye alikuja nayo. Ikaenda kutafuta fasi yake nyuma, ku kilundo ya mavi ya ngombe ya zamani, chini ya migomba. Kule njo inalalia mayai yake sasa. Ikae kule.

Samedi, tarehe 7

Kahindo alikuja kutoka masomo. Anasomea udongo na mimea. Alileta ile kioo yenye inakuza vitu. Nilimuonyesha chawa. Akatazama, akasema ndiyo koko, ni ya kunyonya damu. Kisha akaniuliza mama yangu alikuwa anatia nini chini ya kuku.

Wallahi nilikuwa nimesahau. Mama yangu, mbele ya kuwekea kuku mayai, alikuwa anaenda ku kilundo ya mavi ya ngombe. Siyo juu. Chini, pale mavi imeisha kuwa udongo mweusi. Anabeba kasha moja, anatandika mu kiota, juu yake majani kavu. Nilimuulizaka juu ya nini. Alinipiga ngumi ya kichwa. Wakati ile kuuliza ilikuwa utundu.

Tukaenda ku kilundo. Bata ikatupumulia. Kahindo akachimba kidogo pembeni, akatia udongo mu sahani nyeupe, akanipa kioo. Macho yangu siyo ya kuamini, lakini niliona. Kadudu ya rangi ya chai, inangaa. Mbio yake siyo ya kawaida. Haina macho, Kahindo anasema, hata moja. Miguu mbili ya mbele haitembeake nayo, inapapasa nayo, sawa kipofu na fimbo yake. Ikagusa kafunza, ka nyeupe, kadogo kushinda yote. Ikakamata. Ikakanyonya mpaka ikabakia ngozi tu.

Nilifurahi. Niko mukristo, lakini nilifurahi.

Anasema hawa njo simba ya udongo. Hawanyonye mutu, hawanyonye kuku, hawakule mizizi. Wanakula mayai ya nzi, funza kidogo, na wadudu wenzao wenye kunyonya. Bila wao nzi ingetufunika sawa blanketi. Chakula ikikosa wanangojea siku mingi bila kitu. Ikizidi kukosa, wanakulana. Nikasema basi wanatushinda kidogo tu, siye hatungojeake.

Na tena hii. Nzi ikitaga mu mavi mupya, simba atafika namna gani, na miguu ya namna ile? Anapanda juu ya dudu ya mavi, lile jeusi lenye kusukuma. Anashika tumbo yake, dudu inaruka, wanashuka pamoja ku mavi mupya. Sawa mutu mwenye kupanda moto, ile pikipiki ya kulipa. Nililia kidogo. Juu niliwaonaka. Wakati Venansia alikuwa na ngombe hapa kwetu Mudzipela, kila dudu ya mavi ilikuwa na vitu ya chai inashikamana ku tumbo. Nilizani ni watoto wake. Nikasema tazama, hata dudu anabeba watoto wake wote kuliko wanaume wa huku.

Ngombe ya Venansia iliisha. Hatutaje namna gani, mutu yote wa huku anajua. Dudu ya mavi ikaisha. Nzi ikabakia.

Kahindo anasema tujaribu kasha moja mu karto. Hakuapa. Anasema chawa ikiwa mingi sana simba wanaweza kushindwa, na wenye kusoma bado wanatafuta. Nilipenda vile hakuapa. Pasta anaapaka kila yenga ku kanisa.

Tukatandika udongo, majani juu, mayai juu. Kuku ikatuchokora mikono, ikakaa.

Mardi, tarehe 10

Leo haikujikuna. Ilitoka, ikakula mahindi, ikakunya, ikarudi. Sawa mutu mwenye iko na kazi. Kichwa inaanza kurudisha rangi.

Venansia alikuja. Anatembea na fimbo sasa, lakini mudomo haitumie fimbo. Akasimama ku mulango ya jikoni, akatazama simenti, akaniuliza kama hapa ni kwangu ao ni ofisi. Akainama kutazama kuku yake. Akaigusa shingo ile mubaya. Siku nyingine angeendelea kunichokoza. Leo aliacha mukono pale.

Naijua ile mukono. Siku yenye walikimbia vita kwao, nyuma ya mulima, yeye aliacha nyumba, sahani, picha ya ndoa yake. Alibeba mujukuu ku mugongo na kuku ya shingo wazi chini ya mukono. Mujukuu alikufia hapa, surua. Kuku ikabakia. Hii ni mutoto ya mutoto ya ile. Zingine ziliisha, kideri, ugonjwa ya kuku, ilipita mu Mudzipela yote mwaka jana, ikafagia. Imebakia hii moja, na mayai yenye iko chini yake. Mu parsele, kiwanja yake yote, mu dunia yote, kitu ya kwao ni hii. Hasemake. Miye nasema juu yake.

Aliondoka akisema: "Masika, ukinikulia hii kuku nitakuzika na bata ya bokilo yako." Nikamujibu nitakubali, bata itaimba muzuri kushinda chorale yenu.

Nilicheka mpaka meno yangu ilihama. Meno ni moja na nusu, lakini ilihama.

Vendredi, tarehe 13

Sitaki kusema.

Nitasema.

Nilienda kule Shari, ku matanga ya muzee mwenzetu wa kanisa. Nikarudi na moto mangaribi, mugongo imevunjika. Jikoni inanuka. Ile harufu inaingia mu koo. Simenti ilisafishwa, inangaa. Kuku nje, imefungwa muguu ku muti. Karto mupya. Mayai mu sahani, yanangoja sawa ya kuuzisha.

Neema alinunua dawa ya wadudu ku soko. Akamwanga mu udongo yangu, mu majani, mu chini ya ukuta yote. Kisha akakusanya yote akatupa mu shimo ya choo. Simba wote. Alikuwa anatabasamu. Alisema: "Nimesafisha, mama. Sasa mutoto atalala."

Alizani nitafurahi. Njo kitu inaniuma zaidi. Angenifanyia kwa ubaya ningejua kumutukana.

Nilimuambia: "Kahindo alikuambia nini samedi?" Anasema alisikia wadudu, wadudu, koko anaweka wadudu mu jikoni. Mutu gani anaweka wadudu mu jikoni yenye mutoto anatambaa? Vipele ya mutoto ni ya kweli. Niliiona.

Nilirudisha mayai mu karto mupya. Kuku ilikaa. Mayai yalikuwa baridi kidogo. Siyo sana. Najiambia siyo sana.

Kambale alirudi. Nikamuambia. Alisema mama, ni kuku tu. Nilimuzaa na uchungu ya siku mbili na nusu, huyu.

Samedi, tarehe 14

Nzi zilikufa zote ku dirisha. Neema alinionyesha. Sikutazama.

Lundi, tarehe 16

Chawa ilirudi. Haikuendaka. Dawa ilikamata wenye kutembea, wenye mu nyufa walingojea mulemule. Na simba wenye wangewafuata mule hawako tena. Nani sasa anaingia mu ufa? Neema na ufagio?

Niliomba Kahindo kwa telefone tuweke udongo tena. Anasema dawa ingali inafanya kazi ku simenti na mu ukuta, itaua wale mupya. Tungoje. Nilimuambia kuku haijue kungoja. Akaniuliza kama inakunywa maji. Ana adabu, yule mutoto.

Kuku inafunga macho muchana. Nilimupatia maji na mukono. Alikunywa juu ya kunifurahisha.

Nilimuona Venansia ku soko. Nikageuka, nikaingia kwa wauzaji wa samaki, miye mwenye nilifuata majani ya sombe tu. Nilinunua ndakala nisizozitaka. Miye. Kumukimbia Venansia kwa sababu ya kuku. Uzee ni kitu ya haya.

Mercredi, tarehe 18

Imekufa.

Asubui niliikuta juu ya mayai, mabawa yamefunguka kuyafunika yote, kichwa chini. Nyeupe. Sijui ni chawa, sijui ni dawa. Imefia kwangu.

Lakini mayai yalikuwa moto. Hapo sikulia. Kulia inataka wakati. Niliyatia mu kikwembe, nikafunga ku tumbo, chini ya blauzi, nikasimama mu jikoni sawa bibi wa mimba. Kuku nyingine yenye kulalia sina. Majirani kideri iliwamaliza. Nilijua iko nini nyuma, chini ya migomba. Nilijua tangu nilifungua macho. Nilikunywa chai kwanza, mayai ku tumbo, juu ya kiburi.

Kisha nikaenda kwa Neema. Alikuwa anafua. Niliomba. Mu miaka yote sikumuombaka kitu, namuambiaka tu.

Alitazama tumbo yangu. Akatazama kuku yenye kufa ku mulango. Akapangusa povu ku mikono, pole pole, mpaka nikazani anajifurahisha. Akasema: "Weka tu, mama. Bata haiulizake ni ya nani."

Tulienda pamoja. Aliinua bata yeye mwenyewe, miye inanichukia. Chini ya ile bata, udongo mweusi, kavu, inanuka muzuri, inanuka Lubero. Nikasukuma kidogo na kidole. Wakakimbia. Wa rangi ya chai. Mbio ile ile, kupapasa kule kule. Niligeuza manyoya ya tumbo ya bata. Chawa hata moja. Yenye nilifukuza jikoni ilijichagulia kitanda ya mama yangu, na yenye nilipenda niliiweka mu karto juu ya simenti.

Nilitamani kumutukana mutu. Sikuona nani.

Kuku hatukuikula. Neema alisema dawa. Nilikata mabawa, nikayatundika juu ya moshi.

Vendredi, tarehe 20

Bata inalalia. Yote pamoja, mayai yake na yetu.

Kahindo alisema kwa telefone kitu nilikuwa sijafikiri. Bata inalalia siku mingi kushinda kuku. Watoto wa kuku wakitoka, bata itasikia sauti, itazani kazi imeisha. Itasimama, itawafuata. Yai yake itabakia baridi. Itakufa yote.

Nilikaa chini.

Neema anafuga bata tangu utoto wake. Alijua. Pale kwa povu, alikuwa anahesabu ile. Na alisema weka.

Sitasema nampenda. Siyo ya kubadilika kwa siku moja, siye siyo watoto. Lakini leo sikukalipia kelele ya sufuria.

Wamama wa kanisa walipeleka maneno ng'ambo ya barabara. Walisema kuku ya Venansia iko mugonjwa. Mugonjwa. Wana huruma, waongo wale. Venansia alituma neno: siku ya yenga, kanisa ikitoka, atakuja kuitazama. Mabawa iko inakauka. Nikiingia jikoni inanigusa ku kichwa.

Dimanche, tarehe 22

Sikuenda kanisa. Mungu anajua fasi niko.

Niko hapa chini ya migomba, ku kiti kidogo, telefone ku magoti. Mvua ilinyesha usiku, udongo inatoa joto. Nasema pole pole juu ya bata.

Tangu mapambazuko natega sikio. Ikilia ndani, natia mukono chini ya bata mbele hajasikia vizuri. Ananichokora, damu inatoka, siyo kitu. Natoa kile kitoto, bado maji maji, natia mu kitunga na pamba na chupa ya maji moto. Neema ananibadilishia chupa. Bata ingali imekaa. Inazani hakuna kitu kilitoka. Mayai yake iko moto.

Yetu mengi hayakufika. Yalioza. Ile kungoja mu sahani, ao dawa, Mungu anajua. Watoto wamefika watatu. Wawili manyoya yote, sawa kuku ya kila mutu.

Wa tatu nilimutoa sasa hivi. Nilimupangusa na kona ya kikwembe. Shingo hakuna kitu. Wazi, nyekundu, mubaya sana. Mubaya kabisa. Nikamushika mu mukono, anatetemeka, ananitazama na jicho moja sawa mutu wa kunidai.

Simba wako hapa chini ya muguu yangu wanakula mayai ya nzi. Hawanijue. Hawaone. Wanapapasa tu, wanafanya.

Nilifikiri nitamuambia Venansia juu ya dawa, juu ya nani alinunua. Wiki nzima nilipanga yale maneno, moja moja. Yalikuwa maneno muzuri. Lakini ikifa kwako, imefia kwako.

Kanisa imetoka. Nasikia fimbo ku barabara.

"Masika. Mama Masika, fungua, ao umenikulia kweli?"

Neema analeta mabawa kutoka jikoni, amefunga na kamba. Wa shingo wazi niko naye ku kifua, mu kikwembe.

Naenda.